Gesi ya Radoni, Nyumba Zetu na Saratani ya Damu

Mlima Meru umewapa wakazi wa miteremko yake mema mengi: udongo mweusi wenye rutuba, chemchemi zitiririkazo mwaka mzima, mawe na moramu ya kujengea nyumba. Lakini mlima huohuo umewapa pia maji yenye floridi nyingi. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba floridi katika maji ya kunywa isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Visima na chemchemi kadhaa za Arusha na Meru hupita kiwango hicho, na ndiyo sababu watu wengi waliokulia huko wana meno yenye rangi ya kahawia. Floridi haina rangi wala harufu. Watu waliitambua kwa alama iliyoiacha mwilini.

Makala haya yanahusu kitu kingine kitokacho miambani, ambacho nacho hakina rangi, harufu wala ladha, na zaidi ya hayo hakiachi alama yoyote juu ya jino au ngozi. Kitu hicho ni gesi ya radoni. Katika miaka ya karibuni watu wengi wamesoma au kusikia kwamba gesi hiyo huleta saratani ya damu, na wengine wameanza kuzitazama nyumba zao kwa wasiwasi. Tutachukua Kimandolu, kata iliyo upande wa mashariki wa jiji la Arusha, kuwa mfano wetu. Tutajiuliza maswali matatu: gesi hiyo huingiaje nyumbani? Ni lipi lililothibitishwa juu ya madhara yake, na ni lipi lingali tuhuma tu? Na mwenye nyumba afanye nini?

Ukoo wa urani

Karibu kila mwamba na kila udongo duniani una urani kidogo ndani yake. Viini vya atomu za urani si thabiti. Kimoja baada ya kingine huvunjika, hutoa mnururisho, na atomu hugeuka kuwa elementi nyingine. Muda unaohitajika ili nusu ya atomu za elementi ya namna hiyo zivunjike huitwa nusu-uhai. Nusu-uhai ya urani-238 ni miaka bilioni 4.5, ambayo ni karibu sawa na umri wa dunia yenyewe.

Urani ina ukoo mrefu. Baada ya vizazi kadhaa hupatikana radiamu-226, yenye nusu-uhai ya miaka 1,600. Radiamu ikivunjika huzaa radoni-222, yenye nusu-uhai ya siku 3.8. Radoni nayo huzaa poloniamu-218 (dakika 3), kisha risasi-214 (dakika 27), kisha bismathi-214 (dakika 20), kisha poloniamu-214, ambayo haiishi hata sehemu moja ya elfu ya sekunde. Baadaye hufuata risasi-210 yenye nusu-uhai ya miaka 22, na mwishoni kabisa risasi-206, ambayo ni thabiti na haivunjiki tena.

Katika ukoo huu wote radoni peke yake ni gesi. Wazazi wake ni yabisi waliofungwa ndani ya mwamba, na watoto wake ni yabisi pia. Radoni ni gesi adimu, ya kundi moja na heliamu na neoni. Haiungani kwa urahisi na kitu chochote, kwa hiyo huweza kupenya katika nyufa za mwamba na vinyweleo vya udongo hadi kufika juu. Mwaka 1899 Rutherford na Owens, wakiwa Montreal, waliona kwamba thoriamu hutoa kitu nururifu chenye tabia ya gesi. Mwaka 1900 Friedrich Ernst Dorn wa Ujerumani aliona jambo hilohilo kwa radiamu. Mwaka 1910 Ramsay na Whytlaw-Gray walifaulu kupima uzito wa kiasi kidogo mno cha gesi hiyo na kuonyesha kuwa ni nzito kuliko gesi zote zilizojulikana wakati huo. Uzito wake ni zaidi ya mara saba ya uzito wa hewa ya kawaida.

Mwalimu aweza kuonyesha maana ya nusu-uhai bila chombo chochote cha maabara. Chukua sarafu 100, zitikise ndani ya kopo na kuzimwaga mezani. Ondoa zote zilizolala kichwa juu, zihesabu zilizosalia, kisha rudia. Kila mmwago ni siku 3.8 za radoni. Wanafunzi wataona kwamba hakuna ajuaye ni sarafu ipi itakayoondoka, lakini kila mara karibu nusu huondoka. Kwa radoni, baada ya siku 38, yaani nusu-uhai kumi, husalia takriban sehemu moja tu katika elfu. Kwa nini basi gesi hiyo haiishi duniani? Kwa sababu radiamu iliyo ardhini huizaa upya kila sekunde.

Kutoka mwambani hadi chumbani

Wakazi wa Goma, mashariki ya Kongo, karibu na volkano ya Nyiragongo, wana neno mazuku. Kwa neno hilo hutaja mashimo na mabonde madogo ambamo gesi ya kaboni dayoksaidi hutoka ardhini na kutuama, kwa kuwa ni nzito kuliko hewa. Mtu au mnyama akiingia humo aweza kufa kwa muda mfupi. Mazuku yatufundisha kwamba ardhi hupumua. Radoni hutoka ardhini vivyo hivyo, ingawa kwa kiasi kidogo mno na bila kumwangusha mtu yeyote palepale.

Nje ya nyumba radoni huchanganyika na hewa na kupeperushwa na upepo, hata ikawa haina athari kubwa. Ndani ya nyumba mambo ni tofauti. Hewa ya ndani ikiwa na joto kuliko ya nje hupanda na kutoka kwa juu, na nafasi yake hujazwa na hewa inayovutwa kutoka chini. Hivyo nyumba huvuta pumzi kutoka ardhini kupitia nyufa za sakafu, maungio ya sakafu na ukuta, na matundu yanapopita mabomba. Kiasi fulani hutoka pia katika mawe, matofali na moramu iliyojengea kuta, na katika maji ya visima virefu yanapofunguliwa bombani. Ikiwa madirisha yamefungwa, gesi hiyo hukusanyika.

Kiasi cha radoni hupimwa kwa bekereli, jina lililotokana na Henri Becquerel, Mfaransa aliyegundua unururifu mwaka 1896. Bekereli moja ni kuvunjika kwa kiini kimoja kwa sekunde. Tuseme chumba cha kulala kina urefu wa meta 4, upana wa meta 3 na kimo cha meta 2.5. Ujazo wake ni meta za ujazo 30. Ikiwa hewa yake ina bekereli 100 kwa kila meta ya ujazo, basi atomu 3,000 za radoni huvunjika chumbani humo kila sekunde. Ukipiga hesabu kwa kutumia nusu-uhai, utaona kwamba chumba kina jumla ya atomu za radoni zipatazo bilioni 1.4. Idadi hiyo yaonekana kubwa, lakini uzito wake wote ni kama nusu ya sehemu moja ya trilioni ya gramu. Hakuna mizani ya kupima uzito huo, wala pua ya kuunusa. Chombo cha kupimia mnururisho tu ndicho kiwezacho kuutambua.

Mapafu: jambo lililothibitishwa

Katika karne ya 16 ilijulikana kwamba wachimbaji wa madini wa Schneeberg na Joachimsthal, katika milima iliyo kwenye mpaka wa Ujerumani na Cheki ya leo, walikuwa wakifa mapema kwa ugonjwa wa kifua. Georgius Agricola aliandika juu ya maradhi ya wachimbaji katika kitabu chake kilichotolewa mwaka 1556. Mwaka 1879 madaktari Härting na Hesse waliwapasua wachimbaji waliokufa na kuonyesha kwamba ugonjwa huo ulikuwa uvimbe mbaya wa mapafu. Katika karne ya 20 ilifahamika kuwa chanzo kikuu kilikuwa radoni iliyojaa mashimoni.

Namna inavyodhuru ni hii. Radoni yenyewe huvutwa na kutolewa, kwa kuwa ni gesi isiyoshikamana na kitu. Lakini watoto wake, yaani poloniamu, risasi na bismathi, ni yabisi. Hunata kwenye vumbi na moshi, na mtu akivuta hewa hiyo hubaki juu ya ngozi nyororo ya njia za pumzi. Hapo poloniamu hutupa chembe za alfa. Chembe ya alfa ni kiini cha heliamu. Ni nzito na yenye nguvu, lakini haiendi mbali. Katika hewa husafiri sentimeta chache tu, na karatasi moja huizuia. Kwa hiyo ikitoka nje ya mwili haipenyi ngozi. Ikitoka ndani ya pafu, nguvu zake zote huishia katika seli chache zilizo karibu, na DNA ya seli hizo yaweza kukatika. Seli iliyojirekebisha vibaya ndiyo iwezayo kuwa mbegu ya saratani miaka mingi baadaye.

Kwa muda mrefu swali lilikuwa kama haya yanawahusu watu wa kawaida majumbani mwao. Desemba 1984 mhandisi Stanley Watras, aliyefanya kazi katika kituo cha nguvu za nyuklia kilichokuwa kikijengwa Pennsylvania, Marekani, aliviamsha vyombo vya tahadhari kituoni. Ilibainika kwamba unururifu haukutoka kazini; aliubeba kutoka nyumbani kwake, ambako hewa ilikuwa na radoni ipatayo bekereli 100,000 kwa meta ya ujazo. Mwaka 1988 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka radoni katika kundi la kwanza, yaani vitu vilivyothibitishwa kuleta saratani kwa binadamu.

Mwaka 2005 Sarah Darby na wenzake walikusanya pamoja tafiti 13 za nchi za Ulaya zenye wagonjwa 7,148 wa saratani ya mapafu na watu 14,208 wa kulinganisha. Waligundua kwamba hatari huongezeka kwa asilimia zipatazo 16 kwa kila ongezeko la bekereli 100 kwa meta ya ujazo, baada ya kusahihisha upungufu wa vipimo. Jambo la kuzingatia zaidi ni tofauti baina ya wavutaji sigara na wasiovuta. Kwa asiyevuta kabisa, uwezekano wa kufa kwa saratani ya mapafu kabla ya umri wa miaka 75 ni kama watu 4 katika 1,000 pasipo radoni, 5 kwenye bekereli 100, na 7 kwenye bekereli 400. Kwa mvutaji sigara ni watu 100, 120 na 160 katika 1,000. Radoni na sigara husaidiana kudhuru.

Damu: jambo lililo mashakani

Seli za damu huzaliwa katika uboho ulio ndani ya mifupa. Lukemia ni saratani ya uboho huo: seli changa za damu huzaliana bila mpango na kuzisonga zile zilizo nzima. Kwamba mnururisho waweza kuleta lukemia hakuna shaka. Miongoni mwa watu walionusurika mabomu ya Hiroshima na Nagasaki mwaka 1945, lukemia ilikuwa saratani ya kwanza kuonekana ikiongezeka, na iliongezeka baada ya miaka michache tu. Lakini mnururisho wa mabomu yale ulikuwa hasa wa gama, ambao hupenya mwili mzima kwa mara moja. Chembe ya alfa haifiki kwenye uboho kutoka pafuni. Je, radoni yenyewe hufika?

Hufika kwa uchache. Radoni iliyovutwa huyeyuka kidogo katika damu na kusambazwa mwilini, na huyeyuka zaidi katika mafuta kuliko katika maji. Uboho una seli nyingi za mafuta, hasa kwa watu wazima. Kwa hiyo njia ipo. Hata hivyo kipimo cha mnururisho kinachofika kwenye uboho ni sehemu ndogo sana ya kile kinachopata mapafu. Swali si kama jambo hilo lawezekana, bali kama madhara yake ni makubwa kiasi cha kuonekana miongoni mwa watu.

Mwaka 1990 Denis Henshaw na wenzake wa Bristol, Uingereza, walilinganisha wastani wa radoni katika nchi na majimbo mbalimbali na wingi wa lukemia katika sehemu hizo. Walipata kwamba viwili hivyo vilikwenda pamoja, na makala yao yalizua mjadala mkubwa. Mwaka 2008 watafiti wa Denmark walichunguza watoto 2,400 waliopata saratani, na walikuta radoni ikihusiana na lukemia kali ya limfu, lakini si na aina nyingine za saratani walizochunguza. Katika utafiti huo radoni ya kila nyumba ilikadiriwa kwa hesabu, wala haikupimwa. Mwaka 2016 Lauren Teras na wenzake wa Marekani walitoa matokeo ya kufuatilia zaidi ya watu 140,000 kwa miaka 19. Wanawake walioishi katika wilaya zenye wastani wa radoni unaozidi bekereli 148 walipata saratani za damu kwa kiasi cha asilimia 63 zaidi ya wale wa wilaya zenye wastani wa chini ya 74. Kwa wanaume hapakuonekana uhusiano wowote.

Upande wa pili una ushahidi wake pia. Mwaka 2013 Gerald Kendall na wenzake walichapisha utafiti wa Uingereza wenye watoto 27,447 waliopata saratani. Waliona uhusiano kati ya lukemia na mnururisho wa gama utokao ardhini na angani, lakini kwa radoni hawakuona uhusiano wa maana. Mwaka huohuo utafiti wa watoto wa Uswisi, nchi yenye sehemu nyingi za radoni kubwa, haukuona uhusiano. Miongoni mwa wachimbaji wa urani, waliovuta radoni nyingi kuliko watu wengine wote, wale wa Cheki walionekana katika utafiti wa mwaka 2006 kuwa na lukemia zaidi kadiri walivyovuta radoni zaidi. Wale wa Ujerumani, ingawa idadi yao ni kubwa zaidi, hawakuonyesha uhusiano ulio wazi. Tena mchimbaji hupata vilevile vumbi la urani na miale ya gama, na ni vigumu kuvitenganisha.

Kwa ufupi, mizani haijalala upande mmoja. Yeyote asemaye kwamba radoni imethibitika kuleta saratani ya damu husema zaidi ya yale yajulikanayo. Naye asemaye kwamba imethibitika kuwa haina lawama hukosea vilevile.

Fundisho la ramani ya Burkitt

Mwanafunzi aweza kuuliza: ikiwa mahali penye radoni nyingi pana saratani nyingi, ushahidi gani zaidi unatakiwa? Historia ya Afrika Mashariki ina jibu zuri. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa hospitali ya Mulago, Kampala, alieleza juu ya uvimbe wa taya uliowapata watoto wengi. Uvimbe huo ni saratani ya limfu, ndugu wa lukemia. Mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili walisafiri kwa gari kuanzia Kampala hadi kusini mwa Afrika, safari ya kilometa zipatazo 16,000, wakiuliza katika kila hospitali kama watoto wenye uvimbe huo waliwahi kuonekana. Ramani waliyoichora ilionyesha kuwa ugonjwa huo ulikuwa adimu katika nchi za juu zenye baridi na katika nchi kavu. Ilifanana na ramani ya malaria.

Wengi walidhani mara moja kwamba mbu alikuwa akieneza kirusi cha saratani. Dhana hiyo haikuwa sahihi. Mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr walikiona kirusi katika seli za uvimbe huo, lakini kirusi hicho huenezwa kwa mate, si kwa mbu, na kipo kwa watu wengi sana duniani. Malaria huchangia kwa njia nyingine, yaani kwa kuuchosha na kuuchochea mfumo wa kinga wa mtoto kwa muda mrefu. Ramani iliuliza swali zuri. Maabara na uchunguzi wa mgonjwa mmoja mmoja ndivyo vilivyolijibu.

Tafiti za wastani wa wilaya au nchi ni za namna ya ramani hiyo. Wastani wa wilaya hausemi ni kiasi gani alichokivuta mgonjwa fulani chumbani kwake. Sehemu zenye radoni nyingi zaweza kutofautiana na nyingine kwa umri wa watu, kazi zao, chakula chao, na hata kwa wingi wa madaktari wawezao kuitambua lukemia.

Miamba ya Meru na Minjingu

Sasa turudi Kimandolu. Udongo wa Arusha umetokana na volkano ya Meru, iliyolipuka kwa mara ya mwisho mwaka 1910. Miamba ya Meru ni ya jamii yenye sodiamu na potasiamu nyingi, kama fonoliti na nefelinaiti. Kwa kawaida miamba ya jamii hii ina urani na thoriamu zaidi ya basalti ya kawaida. Hiyo ni sababu ya kuuliza, wala haitoshi kutoa hukumu. Kiasi cha radoni nyumbani hutegemea pia jinsi udongo unavyopitisha hewa, unyevu wake, nyufa za sakafu na mazoea ya wenye nyumba. Nyumba mbili za mtaa mmoja zaweza kutofautiana mara nyingi.

Mfano wa mahali ambapo asili imeweka unururifu mwingi hauko mbali. Huko Minjingu, karibu na Ziwa Manyara, kando ya barabara iendayo Babati, kuna mwamba wa fosfeti unaochimbwa kwa ajili ya mbolea. Fosfeti hiyo ilitokana na mabaki ya ndege na samaki wa ziwa la kale, na katika kukaa kwake ilikusanya urani. Banzi na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2000, walipima radiamu katika mwamba huo na kupata zaidi ya bekereli 5,000 kwa kilo. Wastani wa udongo wa dunia ni kama 35. Vipimo kama hivi ndivyo vinavyotofautisha elimu na uvumi, na nchi yetu inao uwezo wa kuvifanya. Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003 kushika nafasi ya Tume ya Taifa ya Mnururisho ya mwaka 1983, ina maabara zake Njiro, jijini Arusha kwenyewe.

Namna ya kupima si ngumu kuifahamu. Kipande kidogo cha plastiki maalumu huwekwa ndani ya kikombe chenye kifuniko kinachopitisha gesi, kikatundikwa chumbani kwa muda wa miezi mitatu au zaidi. Kila chembe ya alfa inayokigonga huacha kovu lisiloonekana. Kisha plastiki huchovywa katika sodiamu haidroksaidi yenye moto, makovu hupanuka, na huhesabiwa kwa darubini. Makovu mengi ni radoni nyingi. Yafaa kupima chumba cha kulala cha chini, mbali na dirisha, na yafaa kuujumlisha msimu wa baridi. Mwezi wa Juni na Julai wakazi wa Arusha hufunga madirisha mapema, na kipimo cha Januari peke yake hakitaonyesha hali ya mwaka mzima.

Mwenye nyumba afanye nini?

Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba kila nchi ijiwekee kiwango cha bekereli 100 kwa meta ya ujazo, na pale isipowezekana, kisizidi 300. Njia za kukifikia si za gharama kubwa zikianza mapema.

Kwanza, nyumba ipitishe hewa. Nyumba nyingi za zamani zilijengwa na matundu ya hewa juu ya madirisha. Nyumba mpya zenye dari iliyozibwa na madirisha ya alumini ya kusukuma aghalabu hazina matundu hayo, na zikifungwa huwa kama chupa. Matundu hayo yarudishwe. Yatasaidia pia kupunguza hatari ya kifua kikuu, na yatapunguza moshi. Hata hivyo matundu hayamlindi mtu alalaye na jiko la mkaa chumbani. Monoksaidi ya kaboni itokayo katika mkaa huua kwa usiku mmoja, na jiko hilo halifai kuingizwa chumba cha kulala kamwe.

Pili, nyufa za sakafu na matundu yanayozunguka mabomba yazibwe. Anayejenga nyumba mpya aweke tabaka la kokoto chini ya sakafu, juu yake nailoni nene isiyotoboka, ndipo amwage zege. Akiongeza bomba moja litokalo kwenye kokoto hadi juu ya paa, gesi itapata njia yake bila kupita ndani.

Tatu, asiyevuta sigara asianze, na avutaye aache. Hakuna hatua nyingine iliyo karibu na hii kwa kupunguza hatari ya radoni.

Hatua hizi zote zina sababu ya kutosha kwa ajili ya mapafu peke yake. Ikiwa siku moja itathibitika kwamba radoni hudhuru na damu, tutakuwa tumekwisha jikinga. Isipothibitika, hatutakuwa tumepoteza kitu.

Limebaki neno moja kwa wazazi na walimu. Homa isiyokwisha, weupe wa midomo na viganja, kutokwa damu kwenye fizi, michubuko isiyo na sababu na maumivu ya mifupa kwa mtoto huweza kufanana na malaria au upungufu wa damu, na mara nyingi huwa ndivyo. Lakini dalili hizo zikidumu baada ya matibabu, mtoto apelekwe hospitali kubwa kupimwa damu kamili. Hospitali za Muhimbili, Bugando na KCMC hutibu saratani, na lukemia ya watoto ni miongoni mwa saratani zinazotibika vizuri zikiwahiwa. Mzazi ambaye mtoto wake amepatwa na ugonjwa huo hana sababu ya kujilaumu kwa nyumba aliyoijenga au mtaa alioishi. Sayansi haijampa mtu yeyote haki ya kumwambia hivyo. Siku zitumikazo kumtafuta mwenye lawama ni siku zinazopotea kwa matibabu.